Sura ya Tisa: Tundu la Nne

Kufikia saa nne asubuhi watu waliokusanyika nje ya ofisi ya polisi pale Butembo walikuwa wamepita mia mbili, na wote walimtaka mtu mmoja. Inspekta Clémence Ntumba aliwachungulia kwenye upenyo wa pazia, kisha akarudi mezani upesi. Tangu ahamishwe kutoka Kananga miaka minne iliyopita, alikuwa amejifunza kutofautisha umati uliokuja kupiga kelele na umati uliokuja na petroli. Huu wa leo ulikuwa na kidumu cha njano mstari wa mbele.

Mtu wao alikuwa ameketi mbele yake na pingu mikononi. Aliitwa Jephté, fundi wa vyombo vidogo, mwenye miaka thelathini na minne, aliyeishi kwa kutengeneza cherehani, kamera na darubini za zahanati. Kati yao, juu ya gazeti kuukuu, kilikaa kisanduku cha aluminiamu kisichozidi ukubwa wa kipande cha sabuni.

Kisanduku hicho kilipatikana Jumatatu chini ya lori la Djuma, msafirishaji wa Beni, wakati makanika alipoingia uvunguni kubadilisha springi. Ndani mlikuwa na betri na chipu ya simu, vya kumjulisha mtu aliye mbali kwamba lori limeondoka na sasa limefika wapi. Mwezi uliotangulia malori mawili ya Djuma yalichomwa kwenye barabara ya Butembo kwenda Beni, kila moja likiwa limeachwa nyuma na msafara kwa dakika chache tu. Watu watano hawakurudi makwao. Wenyeji walikuwa wakisema ni bahati mbaya. Sasa walijua kwamba waasi wa msituni hawakuwa wakibahatisha, na kwamba macho yao yalitengenezwa hapahapa mjini, kwa mikono ya mtu anayenunua mkate duka moja nao. Kikulacho ki nguoni mwako, na hakuna hofu mbaya kama ya kujikagua nguo.

Kamanda Gustave alifungua mlango bila kubisha.

"Clémence, seize heures, saa kumi, gari inamupeleka Beni. Hapa batamuchoma na ofisi yetu juu yake."

"Na kama hapana yeye, chef?"

"Basi uniletee mwenye kosa mbele ya seize heures." Akafunga mlango.

Jephté aliinamisha kichwa. Gari la kwenda Beni lingepita barabara ileile, likiwa na mtu anayechukiwa na kila dereva wa Kivu ya Kaskazini. Hakuna aliyehitaji kumweleza maana yake.

"Juu ya nini walikukamata weye?" Clémence alimuuliza.

"Juu niko na taro ya mbili. Mu Butembo banasema ni miye tu niko nayo."

Taro ni kijiti cha chuma kigumu chenye meno, ambacho fundi hukizungusha ndani ya tundu ili kuichongea skrubu njia yake. Zilizokutwa katika kibweta cha Jephté zilikuwa na unene wa njiti ya kiberiti, milimita mbili, na kisanduku kilifungwa kwa skrubu za kipimo hichohicho. Ushahidi wote dhidi yake ulikuwa huo. Clémence alimfungua pingu, akamsukumia kibweta chake, mashine yake ndogo ya kutobolea na kipande cha aluminiamu.

"Tia tundu moja. Nione."

Jephté alikuwa mahabusu tangu Jumanne. Aliishika ile mashine kama mtu aliyerudi kazini.

"Kitabu kinasema utoboe na un virgule six," alisema akitoboa, yaani milimita moja nukta sita. "Juu ya aluminium, mwalimu alitufundishaka kuongeza kidogo, un virgule sept. Taro ipate kupumua." Kisha akachukua kekee nene zaidi, akaupanua mdomo wa tundu kidogo tu, pande zote sawa. "Huu ndiyo mulango. Ukisahau mulango, taro inaingia upande."

Akadondosha tone la mafuta ya taa. Taro yenyewe ilikuwa na alama ya rangi ya kucha karibu na ncha, ili fundi ajue pa kukomea kabla haijagonga chini. Hakutumia mkono wa chuma wa kuzungushia. Aliibana taro ndani ya kishikio kifupi na kukizungusha kwa vidole viwili, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, nusu mbele, robo nyuma.

"Juu ya nini unarudiaka nyuma?"

"Kukata mabaki. Aluminium inanata sawa bugali. Ukisukuma mbele tu, mabaki inajaa, inakaza, na taro ya namuna hii haikupe habari mara mbili. Ikikaza unatoka, unapangusa, unatia mafuta, unaanza tena. Hapana kushindana nayo."

Ilimchukua dakika kumi na moja. Skrubu iliingia kwa ncha za vidole, bila bisibisi. Clémence alichukua lenzi, akalitazama tundu lile, kisha akatazama matundu ya kisanduku, na moyo ukamshuka. Mlango uleule uliopanuliwa sawa, meno yaleyale safi yasiyo na mchubuko. Jamaa alikuwa amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

"Hii ni kazi yako, Jephté."

"Ni kazi sawa yangu. Mimi hapana fanya hii. Mama inspecteur, angalia ile ya ine."

Clémence alikuwa ameliona tundu la nne, kila mtu alikuwa ameliona. Kifuniko kilishikwa na skrubu tatu tu, kwa kuwa katika tundu la nne mlikuwa na kipande cha taro kilichovunjika, kimenasa kama mfupa kooni. Kamanda Gustave alisema ni ajali ya kazi. Lakini sasa, baada ya kumwona Jephté, Clémence aliona kitu kingine: tundu lile halikuwa na mlango.

"Tatu alifanya sawa mutu mwenye kujua," alisema Jephté polepole. "Ya ine alifanya sawa mupumbafu. Na tena, hakutosha taro, hakuitoa mule."

"Inatoshwaka?"

"Na shabu, lile jiwe leupe ya vinyozi. Unapika maji na shabu, unatumbukiza, unaacha yaendelee na moto kidogo. Inakula chuma ya taro, aluminium inabaki. Siku moja, siku mbili. Mutu mwenye kujua zile tatu hawezi kukosa kujua na shabu."

"Nani anajua?"

Jephté aliipangusa taro yake. Nje, jiwe moja liligonga bati la paa na kubingirika.

"Jephté. Gari iko seize heures."

"Ni mwalimu Ézéchias alinifundishaka," akasema hatimaye, kwa aibu, kana kwamba amemtukana mzazi. "Lakini mwalimu hapana vunja taro. Miaka kumi na ine namujua, hajavunja hata moja. Donc, basi, hapana yeye."

Kwa mpelelezi, jibu hilo lilikuwa baya kuliko ungamo. Fundi aliyejua kila kitu alikuwa amesahau kila kitu katika tundu moja, halafu akaacha dalili mahali pake ilhali alikuwa na dawa ya kuiondoa. Labda aliharakishwa. Labda shabu ilimwishia. Clémence aliuliza shabu huuzwa wapi, akaambiwa ni kwa Mama Safi, nyuma ya msikiti.

Alitokea mlango wa nyuma. Kwa mbali, langoni, alimwona Josée, mke wa Jephté, akiwa bado na sufuria ya chakula aliyokuja nayo alfajiri, watu wakimkanyagakanyaga bila kumjua. Clémence alipanda pikipiki ya kwanza iliyosimama, na mteremko wote hadi sokoni alikuwa akigeuka kutazama nyuma.

Mama Safi aliuza viungo, uvumba, hina na shabu. Alikuwa dada wa Djuma, mwenye malori, na alimpokea inspekta bila kiti.

"Munangoja nini kumupeleka ule mutu? Dereva Jumaine, ule balichoma na lori, alikulaka kwangu. Nilimuzika bila uso."

"Niko natafuta nani alinunua shabu, mama. Ya mingi."

"Vinyozi. Moja moja." Safi alipangusa mizani yake. "Ya mingi ni Orpa tu, binti ya mwalimu Ézéchias. Kila mwezi anakuya kuchukulia baba yake kilo moja. Mwezi huu hakukuya."

"Hajakuya kabisa?"

"Wiki tatu sijamuona. Nikatuma mutu kuuliza, mwalimu akajibu Orpa ameenda Luofu kwa shangazi, kusaidia kuvuna." Safi alinyanyua macho, na kwa mara ya kwanza ukali ukampungua. "Orpa anafundisha hesabu. Masomo iko katikati. Mutu gani anaacha darasa kwenda kuvuna viazi?"

Clémence alihesabu siku kwa vidole. Visanduku vilianza lini? Lori la kwanza lilichomwa wiki tatu zilizopita, kasoro siku mbili.

Karakana ya mwalimu Ézéchias ilikuwa chumba kimoja cha matofali mwisho wa kichochoro, nyumba yake ikiwa nyuma. Mzee alikuwa amesimama kwenye meza ya kazi, mwembamba, mwenye koti la kazi lililopigwa pasi. Kwenye kigoda karibu na mlango aliketi mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufi, mfuko wa plastiki mapajani, simu mkononi.

"Karibu, mama," alisema yule mwenye kofia, kabla ya mwenye nyumba.

"Huyu ni Ananie," akasema mzee. "Muteja. Anangoja kazi yake."

Mteja huyo hakuwa na kitu cha kutengenezwa. Mikono yake ilikuwa laini, viatu vyake vilikuwa na tope jekundu lililokauka zamani, na miguuni pake palikuwa na vikombe vitatu vya chai, viwili vikiwa vimeota ukungu. Mtu huyo alikuwa amengoja siku nyingi. Clémence aliyaona hayo yote kwa mtupo mmoja wa jicho, na kuanzia hapo hakuthubutu kumtazama tena.

"Mwalimu, nimekuya juu ya mwanafunzi wako Jephté," alisema, akijaribu kuiweka sauti yake katika hali ya mtu aliyechoshwa na ofisi. "Chef anataka expert, mutu wa kazi, aeleze namuna bile bitundu bidogo binafanywaka. Unioneshe tu, niandike, niende."

Mzee alimgeukia Ananie. Ananie akatikisa kichwa, aoneshe.

Ézéchias alifunga kipande cha aluminiamu kwenye jiliwa, akatoboa tundu. Hakuupanua mlango. Kopo la mafuta ya taa lilikuwa karibu na kiwiko chake, naye akalisogeza mbali, taratibu, kwa mgongo wa mkono. Akachukua mkono mrefu wa chuma, akaibana taro ya milimita mbili, akaanza kuzungusha mbele, mbele, mbele. Chuma kililalamika. Clémence alifungua kinywa kumzuia, kisha akakifunga.

Taro ilikatika kwa mlio mdogo.

"Imevunjika," alisema mzee. "Inafanyikaka."

Akachukua ya pili. Bila mafuta, bila kurudi nyuma, mbele tu. Ilikatika. Macho ya mzee yalikuwa juu ya uso wa Clémence muda wote, hayakutazama kazi hata mara moja. Zilikuwa taro za kuagizwa mbali, za kutunzwa katika kitambaa miaka na miaka, na alikuwa akizivunja moja baada ya nyingine kama mtu anayevunja vijiti vya kuwashia moto. Mwenye macho haambiwi tazama. Yule wa kwenye kigoda alikuwa na macho pia, lakini ya kazi hii hakuwa nayo. Alipiga miayo.

"Hutiaki petrole?" aliuliza Clémence. Alilionyesha kopo la mafuta ya taa kwa kalamu.

"Hakuna lazima."

"Na ikivunjika mule ndani, inatoshwa aje?"

"Haitoshwe," alisema mwalimu Ézéchias, mtu aliyemfundisha Jephté kuitoa. "Inabaki mule. Mupaka mutu akuye kuiona."

Ya tatu ikakatika.

Saa sita ilipogonga, simu ya Ananie, aliyekuwa akitazama saa kila mara, ilikuwa tayari sikioni. "Tuko sawa," alisema, akakata. Hakusema zaidi. Clémence alielewa kwamba saa saba angepiga tena, na kwamba kuna mtu mahali fulani anayengoja maneno hayo mawili, na kwamba yasipofika, Orpa, aliyeshikwa na watu hao, atauawa. Aliegemea meza na kujifanya anaandika.

"Binti yako hajambo, mwalimu? Nilisikia anafundishaka muzuri."

"Orpa iko Mutwanga," alisema mzee.

"Luofu," alisema Ananie papo hapo. Kigoda kililia. "Mzee anasahau. Ni Luofu, kwa shangazi."

"Luofu," mzee akarudia. "Nasahau."

Mkono wa Ananie ulikuwa umeingia ndani ya mfuko wa plastiki na kubaki humo. Clémence aliifunga daftari yake kwa nguvu, akapumua kama mtu mwenye hasira za kazi, na kusema neno ambalo alitamani mtu mwingine aliseme.

"Basi ni Jephté. Taro inavunjika juu ya mutu yeyote. Hapana siri yoyote mule."

"Donc ni yeye?" aliuliza Ananie.

"Ni yeye. Seize heures anaenda Beni."

Mkono ulitoka mfukoni ukiwa mtupu. Mwalimu Ézéchias aliketi juu ya sanduku la vyuma, akayafunika macho yake. Binti yake alikuwa amenunuliwa siku chache kwa bei ya mwanafunzi wake mpendwa, na mzee alijua.

Clémence alitembea hadi mwisho wa kichochoro bila kukimbia. Kwenye barabara kubwa alipanda pikipiki.

Kamanda Gustave alimsikiliza hadi mwisho, mlango umefungwa kwa ufunguo.

"Tumukamate huyo Ananie."

"Kila saa anapiga simu, chef. Akikosa moja, bamemuua."

"Basi tumufungue Jephté kwa siri."

"Batu mia mbili banangalia mulango. Na Ananie atakuya kuangalia na macho yake. Akimuona Jephté hakupanda gari, atajua mwalimu alisema."

Gustave alizunguka meza mara mbili. "Mutwanga niko na mutu moja wa kuamini, Syauswa, kati ya bachunga-mbuga. Nitamuita. Siku mbili, tatu." Akaketi. "Nitaweka gari ya pili nyuma. Lakini huyu bwana, siwezi kumupakia kwa uongo. Umuambie."

Jephté alikuwa amekaa sakafuni mwa kasho, chumba cha mahabusu. Clémence alichuchumaa kando yake.

"Umemuona mwalimu?"

"Nimemuona. Alinionesha kutia taro. Alivunja tatu."

Jephté alimtazama kama mtu aliyeambiwa mto umepanda mlima. "Tatu?"

"Bila petrole. Bila kurudia nyuma. Akasema ikivunjika haitoshwe."

Kisha uso wa Jephté ukabadilika, na Clémence akaona kwamba hahitaji kumweleza. Wawili hao walikuwa wamezungumza lugha moja kwa miaka kumi na minne.

"Kuko mutu pale kwake," alisema Jephté.

"Kuko mutu. Na Orpa bamemuchukua."

"Orpa," alisema Jephté. "Ni yeye alimufundisha mutoto wangu mukubwa kuhesabu." Alikunja vidole, akavikunjua. "Nikitoka hapa leo, anakufa?"

"Naona hivyo."

"Na nikienda?"

"Tunamutafuta Mutwanga. Siku mbili, tatu. Wakati huo, kila mutu lazima aamini ni weye."

"Na barabara?"

"Barabara, sijui, Jephté. Siwezi kukudanganya."

Aliogopa, na hakuificha hofu yake. Meno yalimgongana kama ya mtu mwenye malaria. Kisha akanyoosha mikono yote miwili ili avishwe pingu.

"Josée hapana ajue," alisema. "Uso yake haiwezi kuficha kitu. Akijua, batu yote banajua."

Saa kumi kamili lango lilifunguliwa. Jephté alitolewa katikati ya polisi wanne, na umati ukanguruma. Mawe yaligonga boneti. Mtu alimtemea mate, mwingine akamrarua shati, na alipopandishwa nyuma ya gari damu ilikuwa ikimtoka juu ya jicho. Hakugeuka. Clémence alisimama kwenye ngazi, mahali ambapo kila mtu angemwona, na mita chache mbele yake, kando ya kidumu cha njano, alikuwa amesimama mwanamume mwenye kofia ya sufi.

Josée alipenya kati ya watu. Sufuria ilikuwa imempotea. Alimshika Clémence mkono, hakupiga kelele, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

"Mama, Jephté aliniambia kwa dirisha ulimupatia kazi, ulimuona akifanya. Weye uko na akili. Uliona mikono yake. Ubaambie."

Watu wa karibu walinyamaza kusikiliza. Ananie naye alisogea hatua moja.

Clémence aliutazama uso ule usioweza kuficha kitu. Aliona matumaini yote ya mwanamke huyo yakiwa wazi mbele yake, na alijichukia kuliko alivyowahi kujichukia maishani.

"Niliona," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Ni yeye."

Mkono wa Josée ulimwachia. Magari mawili yaliondoka, yakashuka kuelekea barabara ya Beni, na pikipiki zikayafuata zikipiga honi kama za harusi. Umati ulianza kutawanyika. Ananie ndiye aliyebaki nyuma. Alipanda ngazi mbili, akavua kofia yake kwa heshima na kumpa mkono.

"Kazi muzuri, mama inspecteur. Sasa tutalala."

Mkono wake ulikuwa wa moto na mkavu. Clémence aliushika, akautikisa, na hakuuachia mapema.

"Aksanti, papa," alisema. "Na weye ulale muzuri."